Viwanja vya kiangazi, maji ya masika

Ukiingia Iringa kwa barabara ya Dodoma mwishoni mwa Septemba, mji unaanza mapema kuliko unavyotarajia. Umeshaipita Isimani na migunga yake iliyopukutika, ng'ombe wamemaliza mabua ya mahindi, na upepo unainua vumbi kutoka mashamba yaliyobaki wazi. Kabla hujafika Nduli, misingi inaanza: mawe yaliyopangwa mraba katikati ya nyasi kavu, rundo la mchanga, tanuru la tofali lililokwisha kupoa. Mbele kidogo misingi inakuwa maboma, maboma yanakuwa nyumba zilizopauliwa, na ukifika Kihesa huoni tena shamba lilipoishia.

Mbeya nako ni hivyo hivyo, kwa ukubwa zaidi. Ukitoka Uyole kuelekea Mwanjelwa, au ukija kutoka Mbalizi na Iwambi, pande zote mbili za barabara kuu nyumba zimepanda miteremko hadi pale ambapo gari haliwezi kufika. Barabara yenyewe inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, kilometa 29, na kila anayeuza kiwanja anaitaja.

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Iringa na watu 151,345. Ya 2022 ikawakuta 202,490. Jiji la Mbeya lilitoka 385,279 hadi 541,603. Iringa imeongeza theluthi moja ya watu wake katika miaka kumi, Mbeya asilimia 40, na wengi wa hao walioongezeka wamekwenda pembezoni. Mimi kazi yangu ni mipango miji, na miaka mingi nimeifanya ukanda wa Pwani, ambako adui yetu ni maji kujaa. Nyanda za Juu Kusini nimekuja kama mgeni. Huku nimekuta mji unaokosa maji nusu ya mwaka na kubomolewa na maji nusu ya pili, na nimeondoka nikiamini kwamba hilo ni tatizo moja tunalolishughulikia kama mawili. Viwanja vinanunuliwa kiangazi, nyumba zinajengwa kiangazi, ramani ya mtaa inachorwa kichwani mwa mtu aliyekuja kuona eneo kiangazi. Maji yanayotusumbua Machi ndiyo tunayoyatafuta Oktoba, na hakuna anayeyasubiri langoni.

Watu wa mbali wakisikia "Nyanda za Juu Kusini" hufikiria ukungu, chai ya Mufindi, ndizi za Rungwe na mvua isiyokatika. Hiyo ni kweli kwa Tukuyu. Mji wa Iringa uko upande uliokingwa na milima ya Udzungwa, ambayo huinyonya mvua kabla haijafika, na kwa mwaka wa kawaida hupata milimita 600 hadi 750 hivi. Mbeya hupata zaidi, lakini miji yote miwili ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba inapoelekea mwisho na kukatika Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo ni miezi sita na ushee ya jua, baridi kali ya Juni na Julai, kisha upepo na vumbi. Mji wa namna hiyo ni mji wa nchi kavu hata kama kwa jumla ya mwaka mvua yake si haba.

Na Iringa, nikiitazama kwa jicho la mpangaji, inakua kuelekea ukavu. Kusini kuna Mufindi na mashariki kuna Kilolo, nchi zenye mvua. Kaskazini kuna Isimani, na chini zaidi Mtera. Lami imekwenda kaskazini, uwanja wa ndege uko kaskazini, ardhi tambarare na ya bei nafuu iko kaskazini, na vyuo vimevuta wapangaji upande huohuo. Mtu mwenye akiba ndogo anakwenda palipo na barabara na bei anayoiweza. Yuko sahihi kwa upande wake. Ila Isimani ina historia ambayo ingefaa isomwe na kila mpima ardhi kabla hajasimika bikoni. Ardhi ile ilifunguliwa kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ikawa ghala la mahindi lililotajwa nchi nzima, na katika umri wa kizazi kimoja ikachoka. Nchi kavu huvumilia haraka ya watu kwa muda tu.

Suala la maji na kimo lilianza zamani pia. Mtwa Mkwawa alijenga ngome yake Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 wakaanzisha boma lao juu mlimani, palipo na mji wa leo. Walitaka mahali pa kuona mbali na kujilinda, wakapapata. Mto ukabaki chini. Tangu hapo Iringa ni mji unaopandisha maji: yanachotwa mtoni, yanasafishwa Ndiuka, yanasukumwa kwa pampu kwenda juu, na kila mtaa mpya ulio mbali au juu zaidi unaongeza urefu wa safari hiyo na gharama ya umeme wake. Mbeya, iliyozaliwa miaka ya 1920 enzi za dhahabu ya Lupa, ilibahatika kukaa chini ya mlima, ikanywa chemchemi na vijito vinavyoshuka vyenyewe. Bahati hiyo imezidiwa na idadi ya watu. Sasa jiji linayatazamia maji ya Mto Kiwira, ambao kwa asili yake unakwenda Ziwa Nyasa, kupitia mradi mkubwa wa mabomba. Mradi huo ninauunga mkono kwa moyo wote. Lakini bomba, hata liwe kubwa kiasi gani, hufika pembezoni likiwa limechelewa, kwa sababu bomba hufuata nyumba na nyumba hazimsubiri mtu.

Nyumba yenyewe hunywa maji kabla ya watu wake, na hili nililitazama kwa karibu upande wa Nduli. Pembeni ya boma lililofika usawa wa lenta palikuwa na shimo la kina cha kiuno, limetandikwa nailoni nyeusi iliyokandamizwa kwa mawe kingoni. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kijana mmoja, saidia fundi, alikuwa akitumbukiza tofali za kuchoma mojamoja, akizisubiri ziache kutoa mapovu, kisha akimrushia fundi. Tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji kabla haujashika, na ukuta unabaki na ufa. Kwa hiyo kila tofali lazima inyweshwe. Jioni ukuta wote unamwagiwa. Maji yalikuwa yameletwa kwa guta, madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwa mpira.

"Kamwene, baba," nilimwamkia fundi, kwa Kihehe changu kidogo. Akaitikia na kucheka, akaniuliza kama natafuta kiwanja. Nilipomuuliza kwa nini wasijenge masika, maji yakiwa ya bure, alinitazama kwa huruma. "Masika tofali zinalowana tanuruni, gari la mchanga linazama, na sisi wenyewe tuko shambani. Mzee, huku nyumba ni ya kiangazi."

Ana haki. Tofali hufyatuliwa mvua ikikatika, hukauka kwa upepo wa Juni, huchomwa kwa kuni Julai na Agosti. Fedha nayo ina msimu, kwani anayeuza mahindi au viazi hupata hela wakati huohuo. Kazi yote kubwa ya mji inaangukia miezi ambayo mto umepungua na mgao wa maji uko karibu. Wajenzi na wanywaji wanagombea dumu lilelile. Sijaona mpango wowote wa mji unaoihesabu saruji na tofali kama mteja wa maji, ingawa mtaa mpya wenye maboma mia moja ni mteja mkubwa sana.

Sasa tuje kwenye kununua. Mtu huja kuonyeshwa eneo Agosti au Septemba, amefuatana na dalali na jirani mmoja wa kushuhudia. Kiwanja kinapimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini. Nyasi zimekauka au zimechomwa, ardhi yote inaonekana. Katikati pana njia nyembamba ya mchanga mweupe, inapendeza, ng'ombe wanaipita. Hiyo ni mkondo. Januari itakuwa na maji ya kufika magotini, na ikiwa juu yake mlimani pamejengwa nyumba nyingine mia, itakuwa na mengi zaidi. Wazee wa mtaa wanaijua, lakini mnunuzi hakuulizia na muuzaji hakuona sababu ya kutaja. Msimu unaofuata mwenye kiwanja anaweka ukuta wa tofali kukata mkondo, maji yanahamia kwa jirani, na jirani naye anaweka wake.

Jambo hili limeshatupa onyo lisilosahaulika. Aprili 2024, ardhi ikiwa imeshiba mvua, sehemu ya Mlima Kawetele iliporomoka katika Kata ya Itezi jijini Mbeya, tope likafunika nyumba na kuvamia shule. Ukisimama Itezi Septemba hutaamini. Udongo ni mgumu kama sahani, miti imesimama, mlima umetulia. Mteremko ule ule ambao mgeni angeusifu kwa mandhari ndio uliobeba maji hadi ukashindwa kujishikilia. Kila tunapokata tuta la mlima kupata uwanja wa kujenga, kisha tukaacha maji ya paa yamwagike juu ya tuta hilo, tunauongezea mlima mzigo.

Sitaki kuishia kwenye lawama, kwa sababu hesabu ya maji haya ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Chukua nyumba ya kawaida ya pembezoni, yenye vyumba vitatu, paa lake likiwa na mita za mraba 120. Chukua mvua ya milimita 650 kwa mwaka, ambayo kwa Iringa ni makadirio ya tahadhari. Paa hilo linapokea lita 78,000. Toa moja ya tano kwa yanayorukia nje, yanayokauka juu ya bati na yale ya kuoshea vumbi: zinabaki lita 62,400. Familia ya watu watano ikitumia madumu matano kwa siku, yaani lita 100 za kupikia, kunywa, kuoga kwa uangalifu na kufua kidogo, katika siku 210 za ukavu itahitaji lita 21,000. Paa limeshawapa mara tatu ya hapo.

Tatizo ni mahali pa kuyaweka. Simtanki la lita 5,000, ambalo wengi hulinunua kwa kujibana na kuliweka kwenye mnara wa tofali mbele ya nyumba, linatosha siku 50. Likijaa Aprili, katikati ya Juni limekwisha, na Oktoba ndiyo mbali. Ili kuvuka kiangazi kizima unahitaji matangi manne ya namna hiyo, na kidogo zaidi, au tangi la chini lenye upana wa mita 3, urefu mita 3 na nusu na kina mita 2. Ukubwa huo hauwashtui watu wa huku, maana kila mwenye nyumba ya kisasa ameshachimba shimo linalokaribia hapo: shimo la choo. Fundi analichimba, analijengea kwa tofali, analifunika kwa zege, na hakuna anayeliona kama anasa. Lipo kwenye ramani ya nyumba, lipo kwenye bajeti, na afisa wa halmashauri analiulizia. Shimo la maji machafu tumelikubali kuwa sehemu ya nyumba. La maji safi halimo. Nimezunguka mitaa mipya ya miji yote miwili nikilitafuta, na nimelikuta zaidi kwenye shule, misheni na zahanati kuliko majumbani.

Kinachonisikitisha zaidi ni nyumba za kontempo, ambazo sasa ndizo fahari ya kila mtaa. Zina paa lililofichwa nyuma ya ukuta, na kwa umbo lake haziwezi kusimama bila gata za ndani na mabomba ya kushushia maji. Sehemu ngumu ya kazi ya kuvuna mvua imeshafanyika na kulipiwa. Bomba linashuka ukutani, linafika chini, linapinda, na kumwaga maji uani juu ya pevingi. Pevingi yenyewe hainyonyi, kwa hiyo yanatoka getini. Mvua moja ya mchana yenye milimita 40, ambayo Januari si ya ajabu, inatoa lita 4,800 kwenye paa la mita 120. Mtaa wenye nyumba 200 unatoa lita 960,000 ndani ya saa chache, na zote zinashuka kwa njia moja kutafuta bonde.

Mwenye kutaka kujua njia hiyo inaishia wapi aende Isimila, kilometa kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Watu huenda kuona zana za mawe za binadamu wa kale, na wanafanya vizuri. Mimi nilivutwa na nguzo za udongo, ndefu kuliko nyumba, zilizobaki zimesimama baada ya maji kukata na kuchukua ardhi iliyokuwa kati yake. Isimila ilichukua muda mrefu mno kufikia hapo, na palipo na mtaa maji hayahitaji muda huo. Katika mteremko mmoja wa Kihesa niliona kidonda cha namna hiyo katika hatua zake za mwanzo: barabara ya mtaa iliyochongwa kwa greda bila mtaro, gurudumu la kushoto likipita chini ya usawa wa la kulia kwa futi moja, na bomba la maji la nyumba likining'inia hewani pale udongo ulipoondoka. Bomba lililosubiriwa kwa miaka limevuliwa nguo na maji ya mvua.

Watu wa Pwani tungepaswa kulijua somo hili, maana wazee wetu walilifanyia kazi. Misikiti ya kale ya mwambao, Lamu na kwingineko, ilikuwa na birika zilizojengwa kwa chokaa, na nyingine zililishwa kwa maji ya paa yaliyoongozwa kwa mifereji ya mawe. Katika visiwa vya Bermuda, visivyo na mto hata mmoja, kwa sheria kila nyumba lazima ivune maji ya paa lake na kuyahifadhi chini. Huko hakujengwi kwa kusubiri serikali ilete maji. Kibali hakitoki bila tangi. Nao si watu wa ajabu. Walikubali tu kwamba paa lina kazi mbili.

Nimewaeleza haya baadhi ya wenzangu wa halmashauri na wahandisi wa maji, na nimepata majibu ya haki. Wapo wanaohofia usafi. Bati la Septemba limejaa vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya milingoti, na mvua ya kwanza inayabeba yote. Ni kweli, kwa hiyo mvua mbili tatu za mwanzo zinaachwa zipite kwa kufungua kizibo cha bomba la kushushia, tangi linawekwa upande wa juu wa kiwanja mbali na shimo la choo, mdomo wake unafungwa wavu dhidi ya mbu, na ya kunywa yanachemshwa, kama yanavyochemshwa ya kisima na ya mto. Wengine wanasema gharama. Hapa nakubali kwamba tangi la chini si jambo la mshahara wa mwezi mmoja. Lakini anayejenga kwa hatua anaweza kuanza na banda la stoo, lile la kuhifadhia saruji ambalo kila mtu hulijenga kwanza. Banda lenye bati la mita za mraba 20 linavuna lita 10,400 kwa msimu kwa hesabu ileile. Akilichimba tangi mwaka wa kwanza, kiangazi cha pili tofali zitanyweshwa maji yake mwenyewe, na guta litaitwa mara chache. Tangi linajilipa sehemu ya gharama kabla mwenye nyumba hajahamia.

Hoja iliyonipa kazi zaidi ni ile isemayo kwamba haya yote ni ya muda, bomba linakuja. Iringa ina mamlaka ya maji inayosifiwa kwa miaka mingi, na Mbeya ina Kiwira. Najibu kwa kutazama mto wenyewe. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu baada ya kupita hifadhini. Tangu 1993 mto huo mkubwa umekuwa ukisimama kutiririka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu ya maji yanayochotwa Usangu kwa mashamba na mifugo iliyozidi. Kila lita ambayo mji haukuichukua mtoni Oktoba ina mwenyewe huko chini: kiboko, mkulima wa Pawaga, mtambo wa umeme. Paa halishindani na bomba. Linalipunguzia bomba mzigo katika miezi ambayo mto hauna cha kutoa.

Upande wa ardhi nako kuna jambo linalotakiwa kusemwa wazi. Programu ya taifa ya kurasimisha makazi, iliyoanza 2013, imewapa watu wengi nchini michoro, bikoni na hati, na nimeona jinsi hati inavyomfanya mama mjane alale usingizi. Siipuuzi. Ila kurasimisha ni kuchora yaliyokwisha kutokea. Mpima anafika nyumba zimeshajengwa, anatafuta pa kupitisha barabara ya mita sita, wanabishana kwa mwenyekiti wa mtaa nani asogeze ukuta, na mkondo wa maji hauna mtu wa kuusemea katika kikao hicho. Kwenye mchoro unaonekana kama uwazi mwembamba kati ya viwanja, na baada ya miaka miwili uwazi huo umekuwa kiwanja. Dodoma, iliyo kavu kuliko Iringa, ilianza tofauti. Ilipoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 iliundiwa mamlaka yake, CDA, iliyopanga kwanza na kugawa baadaye, na visima vya Makutupora vikahesabiwa tangu mwanzo. CDA ilikuwa na matatizo mengi na wananchi, ikavunjwa 2017, na sisemi tuirudishe. Lakini mabonde ya wazi ambayo Dodoma inayo hadi leo katikati ya mitaa yalibaki kwa sababu mtu aliyachora kabla ya viwanja.

Iringa haihitaji kwenda Dodoma kujifunza thamani ya bonde. Wahehe na Wabena wana vinyungu, bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, mahindi mabichi na maharage na mboga wakati kila kitu juu kimekauka. Kinyungu kinaishi kwa sababu maji ya masika yaliingia ardhini taratibu huko juu na kuteremka polepole. Hiyo ndiyo hifadhi ya maji ya mji, kubwa kuliko matangi yote. Leo kinyungu kilicho karibu na mji kina wanunuzi watatu: mfyatua tofali anayetaka udongo wake wa mfinyanzi, mpanda milingoti anayetaka nguzo za haraka, na mtafuta kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe, na kwa maneno yake hata mwenye kinyungu anaweza kufukuzwa. Nimeona ikitumika kwa nguvu juu ya anayelima mchicha na kwa upole juu ya anayemwaga zege. Ningependa iwe kinyume. Mkulima wa mboga akielekezwa aache nyasi kingoni, bonde linabaki bonde. Msingi ukishamwagwa hakuna mvua itakayoingia hapo tena.

Ninachokipendekeza kwa halmashauri zote mbili kinaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya ya Bunge. Kibali cha ujenzi kinachodai ramani ya shimo la choo kidai pia, kwa karatasi hiyohiyo, gata na tangi lenye ujazo unaolingana na paa. Anayeomba kujenga kontempo asipewe nafasi ya kusema hana gata. Mchoro wa mtaa mpya utembelewe Februari, wapima wakiwa na mabuti, wazee wa mtaa wakiwaonyesha maji yanapopita, na mikondo iwekewe bikoni kabla ya kiwanja cha kwanza.

Na ningeanza na wenye nyumba za kupangisha. Kihesa na mitaa inayozunguka vyuo ina majengo marefu ya vyumba kumi, kumi na mbili, paa moja refu la bati lisilo na gata hata moja, na uani bomba moja ambalo kiangazi wasichana wa chuo hupanga ndoo mbele yake alfajiri kabla ya kwenda darasani. Paa hilo ni mita za mraba 250 au zaidi. Mwenyewe anapokea kodi kila mwezi, kwa hiyo hoja ya gharama kwake ni nyepesi kuliko kwa mwalimu anayejenga chumba kimoja kila mwaka. Apewe misimu miwili kuweka gata na tangi, na leseni yake ya biashara ya kupangisha ifungamane na hilo. Nduli bado ina nafasi ya kupangwa. Iwambi inajaa haraka.